Usitue Kabla Hujasema

Kalunde mwanangu,

Sanduku lako limesimama mlangoni tangu asubuhi, na nimeshajigonga nalo mara kadhaa kana kwamba linataka niliage. Wewe umekwenda Kipalapala kumuaga Bibi. Nyumba imebaki na mimi na mchana huu mkavu, na zile nguo zako mbili zinazongoja pasi. Nimeziacha. Nimekaa mezani na kalamu. Utazivaa na makunyanzi yake, na Kigoma hakuna atakayejua ni uzembe wa nani.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za maji ya kuchemsha. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaulizia kwa majirani kama watu wote. Kinachonikalisha hapa ni neno ulilolisema juzi tukichambua mchele. Ulinieleza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mawingu, kwamba kampuni ya visima imewachukua ninyi mafundi wapya kwa majaribio, na kwamba mwisho wa miezi mitatu kila mmoja wenu atasimama mbele ya wakubwa aeleze kazi aliyoifanya. Baada ya hapo baadhi yenu mtapewa mkataba, na wengine watarudi makwao. Nikakuuliza siku hiyo utasema nini.

"Sitasema kitu, mama. Mimi si mtu wa kujisema."

"Sasa watajuaje?"

"Wataona tu."

Ukatupa kijiwe dirishani, ukaendelea kuchambua. Mimi mkono ulibaki ndani ya ungo. Nilijisikia kama mtu aliyekutana barabarani na mtu mwingine amevaa gauni lake. "Wataona tu" ni maneno yangu, Kalunde. Niliyasema miaka mingi, na sikumbuki kuyasema mbele yako hata siku moja. Umeyapata wapi? Labda mtoto hasikii tu yale anayoambiwa. Anasoma mgongo wa mama yake anapotoka kazini na kuvua viatu bila kusema neno.

Kisha nikakumbuka ile pampu. Ulipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, pampu ya shule iliyo jirani na kwa Bibi ilikuwa imekufa, na watoto walikuwa wanachota maji bondeni. Wewe uliitengeneza. Mimi habari hiyo niliipata kwa muuza nyanya. "Hongera mama Kalunde, binti yako katupa maji." Nikaitikia asante kama mtu anayejua anachopongezwa. Jioni nikakuuliza, ukasema, "Ah, ulikuwa mpira tu umelika." Mpira tu. Shule nzima inakunywa maji, na kwako wewe ni mpira tu. Nilitaka kukukemea, nikajiona ningekuwa najikemea mwenyewe. Kwa hiyo leo naandika, si kwa sababu nina jibu kamili, bali kwa sababu jambo hili nimelizungukia muda mrefu na bado linanishangaza.

Nianze na methali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuliiimba darasani hadi ikaingia kwenye mifupa, na mimi niliiamini kuliko wenzangu wote. Ilinifaa. Unajua nilikuzaa nikiwa bado sijamaliza kuwa mtoto. Msichana aliyezaa katika umri ule hujifunza kupita pembeni mwa njia, kukaa kwenye benchi la nyuma kanisani, kujibu kwa sauti ndogo. Anajifunza kwamba akionekana, kitakachoonekana kwanza ni lile kosa. Basi methali iliyoniambia ninyamaze niwe chema, na kwamba siku moja watanunua wenyewe, ilikuwa kama imetungwa kwa ajili yangu.

Mwaka huu tu ndipo nilipoamua kuichunguza. Unamjua Mama Zuhura wa Kanyenye, anayeuza asali kwa chupa, kama mama yake na bibi yake kabla yake. Nilimkuta dukani hana wateja, nikamwuliza, "Shikamoo mama. Eti asali nzuri si inajiuza yenyewe?"

"Marahaba. Ingekuwa inajiuza, mimi ningekuwa nyumbani nimelala, nimeiachia ufunguo."

"Lakini si tunasema chema chajiuza?"

"Hiyo kasema mnunuzi, mwanangu. Muuzaji hawezi kusema vile." Akachukua kijiti safi, akakichovya, akanipa. "Mimi mteja simwambii nzuri, nzuri. Namwonjesha. Akiwa bado analamba, namwambia imetoka msitu gani na nani kaivuna. Nikianza na nzuri, nzuri, anaondoka. Nikinyamaza kabisa anaondoka vilevile, anakwenda kwa yule pale mwenye kipaza sauti na asali ya sukari guru."

Nilirudi nyumbani na kijiti mdomoni kama mtoto. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ile methali ilitoka kinywani mwa nani.

Sasa nikusimulie la kazini kwangu, ambalo umelisikia vipande vipande.

Nilipoajiriwa kiwandani, asali ilikuwa inaturudia. Tunaifunga vizuri, inasafiri, halafu mnunuzi anapiga simu: imechacha. Kazi yangu ilikuwa kupima tu, kuandika kiasi cha maji kilichomo ndani ya asali, basi. Lakini unajua kichwa changu. Kitu kisichoeleweka kinaninyima usingizi. Nikaomba kupanda gari la kukusanya asali. Nikaenda vijijini, nikakaa na wafugaji wa nyuki, na mmoja wao, Mama Kulwa, akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza. "Gari lenu ndilo linalovuna, si sisi. Mnasema mnakuja tarehe fulani, basi tarehe hiyo tunashusha mizinga yote, na masega ambayo nyuki hawajayaziba bado. Tukiyaacha, gari limeondoka." Asali isiyozibwa na nyuki ina maji mengi. Ndiyo iliyokuwa inachachusha nyingine zote.

Nikakaa na Pazi, dereva wetu, tukachora upya safari za gari ili lipite kila kijiji mara mbili kwa msimu badala ya mara moja. Nikamwandikia meneja, akasaini bila kusoma sana. Msimu uliofuata asali haikurudi.

Na mimi nikanyamaza. Wataona tu.

Wakaja wageni, wanunuzi kutoka mbali, na meneja akawapitisha kiwandani. Wakauliza mbele yetu sote, "Tatizo lile mlilitatuaje?" Nilikuwa nimesimama karibu na mapipa, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa aliyeuliza. Niliangalia viatu vyangu. Didas wa masoko akaona kimya kinarefuka, akajibu. Alijibu vizuri. Alisema "sisi", alieleza safari za gari, akachekesha kidogo. Wageni wakaandika jina lake.

Nafasi ya kuongoza kitengo cha ubora ilipotangazwa, alipewa Didas.

Kwa muda mrefu niliisimulia habari hii moyoni kama habari ya wizi. Lakini nikiichunguza sasa, naona Didas hakuiba kitu. Kuna mzigo ulikuwa katikati ya njia, hauna mtu, na wageni wanauliza ni wa nani. Angefanyaje? Nilipokwenda kwa meneja, machozi yakinilengalenga, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, mimi sikujua hata kama ulikuwa unaitaka." Hakuwa anadanganya. Ningependa kukuambia alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Usiku wa siku ile ndipo nilipoapa nitajisema, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, vibaya kuliko ya kwanza.

Ulikuja mkutano wa mwaka, kiwanda na wafugaji pamoja, chini ya hema. Nikaomba kuzungumza. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Mimi niligundua. Mimi nilikwenda vijijini. Mimi nilibadilisha safari za gari. Kila sentensi niliianza na mimi, na nilijua kwamba kila moja ni kweli, na bado nikasikia hema linapoa. Mama Kulwa, aliyekuwa ananitazama kwa tabasamu nilipoanza, aliinamisha uso akawa anakunja na kukunjua pindo la kitenge. Nikamaliza.

Ndipo Pazi akasema kutoka nyuma. Pazi ni Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, na mtani hana woga. Utani wenyewe ulitokana na njia ya misafara ya zamani, babu zetu wakipita kwao na mizigo ya pembe za ndovu kichwani kwenda pwani, wakilala kwao na kuzikana huko. Akasema, "Wanyamwezi bwana. Miaka yote mmebeba pembe za watu hamjalalamika. Leo umejibeba mwenyewe kichwani. Shingo haikuumi, mtani?"

Hema zima likacheka. Hata meneja.

"Na nyuki nao," akaongeza, "ulikuwa unawapangia zamu?"

Nilicheka pia, kwa sababu mtani hanuniwi, lakini uso uliniwaka hadi jioni. Kesho yake nilimfuata Pazi kwenye gari. Sikwenda kugombana. Nilitaka kujua. Nilimwuliza, "Nilisema uongo gani?"

"Hukusema uongo hata kidogo," akasema, akifuta kioo. "Ila ulinishusha garini. Mimi nilikuwamo kwenye ile safari, mtani. Nilipokusikia nikajiuliza, kumbe gari lilikuwa linajiendesha?"

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Nikinyamaza napotea, nikisema nawapoteza wengine. Ina maana hakuna njia katikati? Nilianza kuwatazama watu wanavyojisifu, kama mtu anayejifunza lugha ngeni. Nikakumbuka kwa babu kule Puge, wakati wa kulima kwa ushirika, yule anayeongoza mstari na jembe lake anaimba kujisifu waziwazi, mimi ndiye, nani kama mimi, na hakuna anayenuna. Wanaitikia. Kwa nini pale hakuna aliyekereka? Niliwaza hili nikipika, nikifua, nikisubiri kipimo cha maji ya asali kitulie. Nadhani ni kwa sababu tuta lake liko nyuma yake. Anajisifu akiwa amelipa mgongo tuta refu, udongo bado unyevu, na kila mtu analiona. Na anawaimbia watu waliolima naye, ambao wimbo ukifika zamu yao watajisifu nao. Mimi hemani sikuwa na tuta. Nilileta jembe tupu nikaanza kuimba.

Hata hivyo kilichonifungua macho hasa kilikuwa kitu cha nyumbani, ambacho nawe umekulia ndani yake bila kukipa jina. Kwa Bibi huruhusiwi kutua mzigo kabla hujasema.

Sijui kama ni desturi ya Wanyamwezi wote au ni ya uani pale tu. Nimeuliza watu, wengine wanasema walisikia kwa wazee wao, wengine wananicheka. Bibi anasema aliipata kwa babu yake, ambaye baba yake alikuwa mpagazi wa misafara. Unafika na mzigo kichwani, shingo inatetemeka, unataka kuutupa chini, na Bibi anakaa kwenye kigoda anakuuliza bila haraka. Umetoka wapi nao? Nani kakutwisha? Kimepungua nini njiani? Ukishajibu yote matatu, ndipo ananyanyuka anakutua kwa mikono yake.

Siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, nilitoka shambani na viazi vitamu. Nilikuwa nimekasirika kwa jambo fulani. Akaniuliza, "Nani kakutwisha?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Ndiyo, bibi. Mwenyewe." Nilikuwa namwita mama yangu bibi hata wakati ule, kwa sababu ndivyo kila mtoto wa mtaa ule alivyomwita.

"Haya. Weka chini, ujitwishe tena nikuone."

Nikaweka. Nikachuchumaa, nikauinua hadi magotini, hadi tumboni, na hapo kiroba kikakataa. Nikajaribu kukiegemeza ukutani. Ngata ya kichwani ikaanguka. Nikakaa chini nikalia kwa hasira, na yeye akacheka hadi akafuta macho. "Mzigo wa maana," akasema, "hakuna anayejitwisha. Ukiona umeuinua peke yako, jua ni mdogo."

Lakini upande wa pili wa desturi ile nilikuwa nimeusahau, na ndio unaotuhusu wewe na mimi zaidi. Siku nyingine nilirudi na mzigo wa matembele niliyoyachuma mbali, mazuri, laini. Sikutaka kuulizwa. Nilitaka Bibi ayakute mwenyewe ashangae, aulize kaya nzima, nani kaleta haya? Na mimi nitoke kona fulani nikiwa nimeinamisha kichwa, niseme ni mimi. Nikayaweka uani kimya, nikajificha nyuma ya jiko, nikangoja kusifiwa. Mbuzi akatangulia.

Bibi hakunihurumia. "Mzigo usio na msemaji ni wa mbuzi," alisema, akaenda kutafuta mboga nyingine.

Niliikumbuka habari hii mwaka huu nikiwa nimekaa kazini mbele ya mapipa, na nikaacha kuandika. Nilijiona mle nyuma ya jiko. Nilikuwa nimejiita mnyenyekevu maisha yangu yote. Lakini yule mtoto nyuma ya jiko si mnyenyekevu, Kalunde. Anataka kusifiwa kuliko mtu yeyote. Ila anataka asifiwe bila kuomba, ili sifa iwe tamu zaidi. Kimya changu kilikuwa na kiburi ndani yake, kimejikunja vizuri kama nyoka kwenye kapu. Sijui kama chako kiko hivyo. Chako labda ni kisafi kuliko changu. Nakuomba tu ukitazame, kwa udadisi, bila kujihukumu: unaposema "wataona tu", unakuwa umekaa wapi? Uani, au nyuma ya jiko?

Mkutano uliofuata niliomba tena kuzungumza. Pazi alikohoa kwa makusudi. Safari hii nilibeba kitu mkononi: chupa mbili za asali, moja ya zamani iliyochacha niliyokuwa nimeihifadhi kabatini, nyingine ya msimu ule. Nikazipitisha, watu wakanusa. Hilo lilikuwa tuta langu. Kisha nikasema kama ninavyosema kwa Bibi. Kwamba mzigo huu niliutoa kwenye vipimo, ambako niliona maji yanapanda kila gari linaporudi kutoka vijijini, nami ndiye niliyeomba kwenda kuangalia kwa nini. Kwamba aliyenitwisha ni Mama Kulwa, kwa neno lake kuhusu gari linalovuna, na Pazi, aliyekubali kuendesha barabara mbovu mara mbili. Na kwamba kilichopungua njiani ni ndoo za kijiji kimoja, ambazo niliziwekea tarehe vibaya zikakaa hadi zikaharibika. Kosa ni langu, na msimu huu nimelirekebisha hivi.

Nilikaa. Kisha jambo la ajabu likatokea: Mama Kulwa akasimama. "Na mimi niseme," akasema. "Huyu binti alilala kwangu na mvua inavuja. Hakuondoka hadi kaelewa." Akakaa. Mimi nisingeweza kusema habari ya mvua. Ile ilikuwa yake kuisema. Nikajifunza kwamba ukimtaja aliyekutwisha, unamwachia nafasi naye akutaje, na neno lake ni zito kuliko lako mara nyingi.

Pazi naye: "Leo ngata imekaa sawa, mtani."

Usidhani walinipa cheo papo hapo. Didas bado ndiye kiongozi wa kitengo, na tunasalimiana vizuri. Nilichopata kilikuwa swali. Meneja alinifuata nje akauliza, "Sasa wewe ukiachiwa kazi ya vijijini yote, ungeanza na nini?" Hakuwahi kuniuliza swali katika miaka yote ile. Leo kazi ya vijijini ni yangu. Lakini hata isingekuwa yangu, ningelala vizuri, maana nilitua mzigo mbele ya watu wenye macho, na si mbele ya mbuzi.

Kuna la mwisho, na hili nimelizunguka ukurasa huu wote.

Nilipokuwa nawaza nani alinitwisha, sikuweza kuishia kwa Mama Kulwa. Shahada yangu niliyoitundika ukutani, ambayo wageni wanaisoma, sijawahi kuitua vizuri. Nautua mzigo huo mbele yako leo. Umetoka wapi nao? Nimeutoa chuoni, mbali na hapa, nikiwa na miaka ambayo wewe unayo sasa. Nani kakutwisha? Bibi yako, aliyekubeba wewe mgongoni ili mimi nibebe vitabu. Hajawahi kulisema hilo kwa mtu, na mimi sijawahi kulisema mbele ya watu. Kimepungua nini njiani? Meno yako ya kwanza sikuyaona. Siku uliyotembea nilikuwa kwenye mtihani. Niliambiwa kwa simu, nikaenda kukaa chooni hadi nilipoweza kurudi darasani. Kwa muda mrefu nilidhani nikijisifu kwa shahada ile nitakuwa naisahau ile siku. Sasa naona vinabebwa pamoja. Anayesema kilichomwagika ndiye anayeaminiwa kwa kilichofika.

Kwa hiyo miezi mitatu ikiisha, ukisimama mbele ya wakubwa wale ambao siwajui, sitaki uwe Didas, wala uwe mimi wa hema la kwanza. Nina hofu moja tu, na naisema wazi: kwamba utatengeneza pampu za nusu ya mkoa, halafu utasimama pale useme ulikuwa mpira tu, na watakupa mkono wa kwaheri bila hata kujua wanamwacha nani.

Nasikia bodaboda nje. Naacha kidogo.

*

Nimerudi. Wewe uko bafuni unaoga, unaimba, na mimi nina dakika chache kabla hujatoka, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Nataka niandike kilichotokea sasa hivi mlangoni, kwa sababu wewe ulikisema lakini hukukisikia. Mimi nilikisikia.

Uliingia na kiroba cha karanga kichwani na kidumu mkononi. Uliponiona nimesimama mlangoni sijasogea, ulianza kuinama utue. Nikasema, "Usitue."

"Mama, shingo."

"Umetoka wapi nao?"

Ukanitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha ukacheka, na nikaona umeelewa. "Kwa Bibi. Karanga za shamba lake la chini."

"Nani kakutwisha?"

"Bibi mwenyewe. Na yule jirani yake wa kule seminari, maana Bibi mgongo unamsumbua, hakukwambia."

"Kimepungua nini njiani?"

"Kiroba kilitoboka pale kwenye tuta la barabarani. Nikaziba na leso. Zilizomwagika nilimwachia mwenye bodaboda, kafurahi."

Nilinyoosha mikono nikutue. Lakini hukuinama. Ulibaki umesimama, shingo wima, jasho linashuka shavuni, ukiangalia juu ya bega langu kana kwamba kuna watu nyuma yangu.

"Na mama," ukasema, "pampu ya shule ilikuwa imesimama tena. Nimeifungua. Kumbe mara ya kwanza sikukosea mpira, ni bomba la chini limepinda, ndilo linaloula mpira. Nimelinyoosha. Mwalimu mkuu alinishikia taa. Nimeitengeneza mimi."

Sauti yako ilitetemeka kwenye neno la mwisho, na hukulirudisha.

Ndipo nikakutua. Mzigo ulikuwa mzito, Kalunde, mzito kuliko nilivyodhani ulipokuwa kichwani kwako.

Mama yako, ambaye sasa anakwenda kupiga pasi zile nguo.